MAHALI PASIPOONEKANA: PA-, KU- NA MU- KATIKA MODELI ZA ARDHI ZA VIPIMO VITATU, KWA MIFANO YA MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza dhana za msingi za modeli za ardhi za vipimo vitatu, yaani zile picha za chini ya ardhi ambazo wanajiolojia huziunda kwa programu za kompyuta ili kuonyesha udongo, miamba na maji mahali ambapo jicho halifiki. Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza: jambo hili linamhusu nini mtaalamu wa Kiswahili? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia ardhi anayoikanyaga ni rasmi kwa jina tu. Pili, kazi yenyewe ya kuunda modeli, ikichunguzwa kwa makini, ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Huanza na maneno ya mchimba kisima, na huishia katika kauli: hapa pana kitu fulani, kule kuna kitu fulani, mle mna kitu fulani.

Mifano inayotumika imetolewa katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, eneo lijulikanalo kama Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole, Embakasi na kwingineko. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ni la watu wengi, ujenzi ni mwingi na visima vya kuchimbwa kwa mashine vinaongezeka, ilhali habari za ardhi yake zimeandikwa takriban zote kwa lugha ambayo fundi na mpangaji wa nyumba hawaisomi kwa raha.

Hoja itakayotetewa ni kwamba Kiswahili hakiji mikono mitupu katika uwanja huu. Mfumo wake wa ngeli za mahali, pa-, ku- na mu-, unaweka wazi tofauti ambayo programu za kompyuta aghalabu huificha: tofauti baina ya kile kilichoshuhudiwa na kile kilichokadiriwa.

2. ARDHI YA MITAA YA MASHARIKI

Kabla ya kueleza modeli yafaa kujua kinachomodeliwa. Nairobi imejengwa juu ya miamba iliyotokana na volkeno. Chini kabisa mna miamba ya kale sana iliyogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo, hasa nisi, ambayo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Juu ya msingi huo zilitiririka lava na kuanguka majivu ya volkeno wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Mojawapo ya lava za mwanzo ni fonoliti ya Kapiti, yenye umri wa miaka milioni 13 hivi, inayotambulika kwa fuwele zake kubwa. Yako pia matabaka yanayoitwa ya Athi, yaani tufu (majivu ya volkeno yaliyogandamana yakawa jiwe) pamoja na mashapo yaliyotuama ziwani. Juu ya matabaka ya Athi ilitanda fonoliti ya Nairobi, yenye umri wa takriban miaka milioni 5. Maelezo ya mpangilio huu yalikusanywa na wanajiolojia kadha wa kadha, na taarifa ya Saggerson kuhusu jiolojia ya eneo la Nairobi, iliyotolewa mwaka 1991, ni miongoni mwa zile zinazorejelewa sana.

Mambo matatu kuhusu mpangilio huo yana umuhimu kwa mkazi wa mitaa ya mashariki. La kwanza ni udongo. Magharibi ya jiji udongo ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Mashariki, kwenye uwanda, fonoliti imefunikwa na udongo mweusi ambao mafundi huuita blakoti. Udongo huu una aina ya mfinyanzi inayovimba inaponyonya maji na kusinyaa inapokauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Wakati wa masika hunata na kuinua sakafu. Ndiyo maana fundi mwangalifu hauamini, bali huuchimba mpaka aufikie mwamba.

La pili ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya visima virefu vya Nairobi hutoka katika matabaka ya Athi, ambayo yamefunikwa na lava ngumu. Kiwango cha maji hayo kimekuwa kikishuka kwa miongo mingi kutokana na uvutaji, na mara nyingi maji huwa na floridi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu rangi ya meno ya watoto. La tatu ni jiwe lenyewe. Mawe ya kujengea yamechimbwa kwa muda mrefu katika sehemu za mashariki, na mashimo yaliyobaki yamekuwa sehemu ya sura ya mitaa. Jalala la Dandora, lililoanza katikati ya miaka ya 1970, lilianzia katika shimo la namna hiyo.

Historia hii imeacha alama katika majina. Neno sanifu la mahali pachimbwapo mawe ni timbo. Lakini Embakasi kuna mahali paitwapo Kware. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi atadhani ni mtaa wa ndege, kumbe ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililotoholewa na wafanyakazi wenyewe. Jirani na hapo ni Mukuru, neno la Kikuyu lenye maana ya bonde au korongo. Nairobi yenyewe ni jina lililotokana na Kimaasai, likirejelea maji baridi. Hivyo, kabla ya kompyuta, wakazi walikwisha kuandika modeli yao ya ardhi kwa majina: hapa palichimbwa mawe, hapa maji yalikata bonde.

3. MANENO KABLA YA NAMBA

Malighafi ya modeli ni data, na data kuu ni kumbukumbu za visima. Kisima kinapochimbwa, mashine hutoa chengachenga za mwamba, na mchimbaji huandika alichokiona kila baada ya mita kadhaa: kutoka sufuri hadi mita 2 udongo mweusi, kutoka mita 2 hadi 15 mwamba mgumu wa kijivu, na kadhalika. Ili kumbukumbu hiyo iingie katika programu, inahitaji majedwali matatu. La kwanza hueleza mdomo wa kisima uko wapi: umbali wa mashariki, umbali wa kaskazini na kimo kutoka usawa wa bahari. La pili hueleza kisima kimekwenda upande gani, maana si kila kisima huteremka wima. La tatu hueleza ni kitu gani kilichokutwa kutoka kina fulani hadi kina kingine.

Kosa la kwanza linaloweza kutokea ni la mahali. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilitumia mfumo wa vipimo ujulikanao kama Arc 1960, ilhali vyombo vya leo vya kupokea mawimbi ya setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS84. Kwa eneo la Nairobi, nukta moja ikiandikwa kwa mifumo hii miwili hutofautiana kwa mita zipatazo 300 katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Katika mitaa iliyosongamana, mita 300 zatosha kukihamisha kisima kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Namba ni zilezile na programu haitalalamika. Kisima kitakaa mahali pasipo pake kwa utulivu kabisa.

Kosa la pili ni la istilahi, na hapa ndipo mwanalugha angepaswa kusogeza kiti. Na ichukuliwe kwamba wachimbaji watatu wamekutana na tufu ileile iliyochakaa. Wa kwanza ameandika "udongo mgumu", wa pili "jiwe laini", wa tatu "majivu". Kompyuta haijui kwamba haya ni majina matatu ya kitu kimoja. Ikipewa maneno matatu itachora matabaka matatu, kila moja likianza na kuishia kwenye kisima chake. Upande wa pili, mchimbaji akitumia neno "mwamba" kwa fonoliti na kwa tufu ngumu pia, matabaka mawili yenye tabia tofauti yatageuka kuwa moja, na tofauti baina ya jiwe linalozuia maji na jiwe linaloyahifadhi itapotea. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuunda modeli si hesabu, bali ni usanifishaji wa istilahi: kuamua maneno yapi ni visawe, yapi ni ya jumla, na yapi yatenganishwe. Ni kazi ileile iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ila hapa kosa la istilahi halibaki kwenye karatasi. Hugeuka kuwa umbo.

Inafaa pia kuyaangalia maneno makuu ya taaluma hii. Wapo wasemao "pande tatu" kwa sifa ya modeli hizi. Istilahi hiyo inapotosha, kwa kuwa umbo lenye pande tatu ni pembetatu, nayo ni bapa. Kinachokusudiwa ni vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Neno "tabaka" linafaa, ingawa limezoeleka zaidi siku hizi kwa madaraja ya watu katika jamii. Neno "ufa" linafaa kwa mahali miamba ilipokatika na kusogea, na tayari msomaji analijua kutokana na Bonde la Ufa. Ama "modeli", makala haya yanalipendelea kuliko "mfano" na "kielelezo". Mfano ni kimoja kati ya vingi. Kielelezo ni kitu cha kuonyeshea. Modeli ni zaidi: ni dai kuhusu jinsi kitu kilivyo, dai linaloweza kupimwa na kukutwa si kweli.

4. KUTOKA NUKTA HADI USO

Kisima ni kama sindano iliyochomwa katika godoro. Hueleza mengi kuhusu tundu lake na hakielezi lolote kuhusu pengine. Kazi ya programu ni kujaza nafasi iliyo kati ya sindano na sindano. Kwa Kiswahili yapo maneno matatu yanayokaribiana: kubahatisha, kukisia na kukadiria. Kubahatisha hakuna kanuni. Kukisia kuna busara lakini si lazima kuwe na kipimo. Kukadiria kuna kipimo. Linalofanywa na programu ni ukadiriaji, na kwa kuwa hufanywa kati ya nukta zijulikanazo, linaweza kuitwa ukadiriaji wa kati.

Mfano mdogo utadhihirisha jambo hili. Namba zake ni za kufundishia tu. Visima viwili, A na B, viko umbali wa mita 400. Katika A mwamba umekutwa mita 2 chini ya uso wa ardhi; katika B umekutwa mita 8. Mtu anataka kujenga nyumba kwenye mstari uunganishao visima hivyo, mita 100 kutoka A na mita 300 kutoka B. Mwamba uko kina gani?

Njia ya kwanza ni kuchukua thamani ya kisima kilicho karibu zaidi. Jibu ni mita 2. Njia ya pili ni kuvuta mstari ulionyooka kutoka mwamba wa A hadi mwamba wa B. Kwa kuwa nyumba iko robo ya njia, kina kimeongezeka kwa robo ya tofauti, nayo tofauti ni mita 6. Jibu ni mita 3.5. Njia ya tatu ni kuupa kila kisima uzito unaopungua kwa mraba wa umbali wake. B iko mbali mara 3 kuliko A, hivyo uzito wake ni sehemu moja dhidi ya 9. Jibu ni 9 mara 2, jumlisha 8, gawanya kwa 10, yaani mita 2.6. Majibu ni matatu, visima ni vilevile, na hesabu zote hazina kosa. Tofauti haitoki ardhini. Inatoka katika uamuzi wa aliyeketi mbele ya kompyuta.

Njia iliyopata sifa kuu ni ile iliyotokana na kazi ya Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliyechunguza mwaka 1951 namna ya kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na sampuli chache. Katika miaka ya 1960 Georges Matheron wa Ufaransa aliijengea nadharia ya hisabati na kuiita kwa jina la Krige. Wazo lake la msingi ni jepesi: kabla ya kugawa uzito, data zenyewe ziulizwe kufanana kwao kunapungua kwa kasi gani kadiri umbali unavyoongezeka. Grafu ya jibu hilo huitwa variogramu. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haitoi kadirio peke yake. Hutoa pia kipimo cha shaka yake. Karibu na kisima shaka ni ndogo, mbali na visima shaka hukua.

Makadirio mengi yakikusanywa hufanya uso, kwa mfano uso wa juu wa fonoliti chini ya Umoja na Kayole. Uso huo aghalabu huhifadhiwa kama wavu wa pembetatu, nukta zikiunganishwa kwa kanuni iliyotolewa na mwanahisabati wa Urusi, Boris Delaunay, mwaka 1934. Kanuni hiyo huepuka pembetatu nyembamba zenye ncha kali, ili kila nukta iunganishwe na majirani wake wa kweli.

5. KUTOKA USO HADI UJAZO

Uso hauna unene. Ili kujua ni mawe kiasi gani yamo, au ni tabaka gani linaloweza kushika maji, hapana budi kuujua ujazo ulio kati ya uso na uso. Hapa huingia kanuni za jiolojia ambazo hesabu peke yake haizijui. Ya kwanza, iliyotolewa na Steno mwaka 1669, ni kwamba tabaka la juu ni changa kuliko la chini, isipokuwa pametokea msukosuko. Ya pili ni kwamba kilichokata ni kichanga kuliko kilichokatwa: Mto Nairobi na Mto Mathare vimechimba mabonde katika lava, hivyo modeli inayoonyesha lava ikipita juu ya bonde kama daraja imekosea, hata kama hesabu zake ni safi. Ya tatu ni kwamba lava hufuata mabonde ya zamani, kwa hiyo sakafu ya fonoliti si lazima iwe tambarare kama uwanda ulio juu yake. Kwa jumla, kadiri mtu anavyokwenda mashariki matabaka ya volkeno hupungua unene, mpaka miamba ya kale hujitokeza juu kuelekea Machakos. Programu isiyoambiwa hayo itachora unene uleule kote.

Kuna njia mbili za kuunda ujazo. Katika ya kwanza, mwanajiolojia huchora mwenyewe mikato ya wima, kama mtu akataye mkate, kisha huunganisha mistari ya mkato mmoja na wa mwingine. Hii yaweza kuitwa modeli ya kuchorwa. Katika ya pili, kompyuta hukokotoa kanuni moja ya hisabati kwa eneo zima, na mpaka wa tabaka ni mahali popote ambapo thamani ya kanuni hiyo ni sufuri. Hii yaweza kuitwa modeli ya kukokotolewa. Ya kwanza ni ya polepole lakini hubeba maarifa ya mchoraji. Ya pili ni ya haraka, na data mpya zikiingia modeli hujirekebisha upya. Programu ya GOCAD, iliyoanzishwa na Jean-Laurent Mallet huko Nancy, Ufaransa, mwaka 1989, ilikuwa miongoni mwa zilizofungua njia. Leapfrog, iliyotoka New Zealand, ilieneza modeli za kukokotolewa, nayo imetumiwa na wanajiolojia wa Kenya katika eneo la mvuke wa ardhini la Olkaria. GemPy hutolewa bure, jambo lenye uzito kwa vyuo visivyo na fedha.

Baada ya mipaka kupatikana, ujazo hukatwa vipande vidogo kama matofali, na kila tofali hupewa sifa zake: aina ya mwamba, ugumu, maji. Hebu na zifanyiwe hesabu. Mtaa wenye urefu wa kilomita 1 na upana wa kilomita 1, hadi kina cha mita 100, ukikatwa kwa matofali ya mita 10 kwa mita 10 na kimo cha mita 1, huzaa matofali 1,000,000. Mtaa huo ukiwa na visima 5 vya mita 100 kila kimoja, matofali yaliyopitiwa na visima ni 500. Yaani tofali moja katika kila 2,000 limeshuhudiwa. Mengine 1,999 yamekadiriwa.

6. TASWIRA NA USHAWISHI WAKE

Modeli si picha. Modeli ni namba na kanuni. Picha ni taswira yake tu, na modeli moja yaweza kuonyeshwa kwa taswira nyingi. Programu huwezesha kuuzungusha ujazo, kuukata mahali popote, kuufanya uso mmoja uangaze kama kioo ili wa chini uonekane, na kupaka rangi kila sifa. Mbinu hizi ni msaada mkubwa, lakini kila moja ina ushawishi wake.

Mbinu moja inayohitaji tahadhari ni kukuza wima. Eneo la mashariki ni uwanda. Upana wa kilomita 10 ukionyeshwa kwa sentimita 30 za kioo cha kompyuta, kina cha mita 100 kitakuwa milimita 3 tu. Hakuna kitakachoonekana. Kwa hiyo wima hukuzwa, tuseme mara 20, na milimita 3 huwa sentimita 6. Lakini mteremko wa mita 1 kwa mita 100, ambao mtembezi hauhisi, sasa huonekana kama mita 1 kwa mita 5. Asiyeambiwa atadhani kwamba chini ya Kayole mna milima.

Rangi nazo husema. Matofali yote 1,000,000 hupakwa rangi kwa wino uleule. Yale 500 ya ushahidi na yale 999,500 ya kadirio hung'aa sawasawa, kingo zao zimenyooka sawasawa. Mtazamaji huamini kwa kiasi cha unadhifu wa picha, si kwa kiasi cha visima. Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema.

7. PA-, KU- NA MU-

Sarufi za Kiswahili, tangu ile ya Ashton ya mwaka 1944 na hata kabla, zimeeleza kwamba lugha hii ina ngeli tatu za mahali. Pa- ni ya mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku- ni ya mahali pasipo mipaka dhahiri, au mwelekeo. Mu- ni ya ndani. Wanafunzi hufundishwa tofauti hizi kwa mifano ya nyumba na meza, kisha wengi huzisahau.

Zikiwekwa kando ya modeli ya ardhi, ngeli hizi zinalingana na hatua zake. Kumbukumbu ya kisima ni kauli ya pa-: katika A mwamba upo mita 2 chini. Ukadiriaji wa kati ni kauli ya ku-: kwenye kiwanja cha nyumba mwamba uko mita 2 hadi 3.5 hivi. Ujazo ni kauli ya mu-: katika tufu hii mna maji. Kauli ya mu- ina sharti lake. Haiwezi kuwa thabiti kuliko mipaka ya chombo kinachosemwa. Ikiwa kuta za tabaka zimejulikana kwa ku- tu, basi kilichomo nacho kimejulikana kwa ku-. Kosa la kimsingi la mtumiaji wa modeli linaweza kuelezwa kwa sentensi moja ya kisarufi: ameisoma ku- kama pa-.

Yaweza kupingwa kwamba tofauti hii imefifia katika Kiswahili cha Nairobi, ambamo "kuna" hutumika kwa kila mahali na "mna" husikika kwa nadra. Ni kweli kwamba umbo limefifia. Lakini haja ya maana haijafifia. Fundi wa mitaa ya mashariki asemaye "hapa nimefika mwamba, hapo mbele sijui" ameitenga pa- na ku- kwa njia nyingine. Kinachopendekezwa si kuwakaripia wasemaji wa Nairobi, bali kuitumia amali iliyomo katika lugha pale ambapo taaluma inaihitaji. Katika ufunguo wa ramani au wa taswira, matofali yaliyopitiwa na kisima yaandikwe "pana", yapakwe rangi kamili. Yaliyokadiriwa yaandikwe "kuna", yapakwe rangi hafifu inayozidi kufifia kadiri shaka inavyokua. Na jumla ya ujazo iandikwe "mna", pamoja na idadi ya visima iliyoitegemea. Silabi hizo fupi zitafanya kazi ambayo sasa hufanywa na aya ndefu ya tahadhari isiyosomwa na mtu.

Jambo hili si la mapambo. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa kandokando ya mto katika mtaa wa Huruma liliporomoka na kuua watu zaidi ya arobaini. Modeli peke yake haiokoi jengo lililojengwa vibaya au mahali pasipofaa, wala haifai kudai kwamba janga hilo lilitokana na upungufu wa kompyuta. Hata hivyo, mpangaji katika jengo kama hilo ana swali la haki: chini ya nyumba hii pana nini? Akijibiwa kwa picha yenye rangi nzuri, hajajibiwa. Akiambiwa "hapa hapajachimbwa, kisima cha karibu kiko mita 300, kwa kadirio, kuna udongo mweusi wa mita kadhaa juu ya mwamba", amejibiwa. Anajua kinachojulikana, na anajua cha kudai: kwamba mahali hapo pachimbwe na kupimwa kabla ya msingi kuwekwa.

8. HITIMISHO

Imeelezwa kwamba modeli ya ardhi ya vipimo vitatu hujengwa kwa hatua nne: maneno na vipimo vya visima, ukadiriaji wa nyuso kati ya visima, ujazaji wa nafasi kati ya nyuso kwa kufuata kanuni za jiolojia, na uonyeshaji wa matokeo kwa taswira. Imeonyeshwa pia kwamba katika kila hatua kuna uamuzi wa kibinadamu, na kwamba uamuzi wa kwanza kabisa ni wa istilahi.

Kwa idara za lugha yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kukusanya msamiati wa wachimbaji, mafundi na wachonga mawe wa mitaa ya mashariki, yakiwemo maneno kama blakoti na kware, na kuulinganisha na istilahi za wanajiolojia kabla kila upande haujazama katika lugha yake. La pili ni kuacha kuzifundisha ngeli za mahali kana kwamba ni masalio ya sarufi ya kale yanayofaa mtihani tu. Wanajiolojia wanatafuta njia ya kuonyesha shaka katika modeli zao kwa rangi na kwa namba. Mzungumzaji wa Kiswahili ameizaliwa nayo, katika silabi ya kwanza ya kitenzi chake.